Saa Nane ni Saa Ngapi? Juu ya Maelezo ya Zana Tunazoikabidhi Akili Mnemba

Katika dirisha la dawa, mtoa dawa huandika juu ya bahasha ndogo alama tatu: 1x3. Kisha huinua macho na kusema, "Kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja usiku, baada ya kula." Alama zile ni kumbukumbu tu, maelekezo yenyewe yamo katika sauti. Mgonjwa akifika nyumbani sauti ikiwa imekwisha kusahaulika, hubaki na bahasha. Anaweza kusoma 1x3 kuwa kidonge kimoja kila siku kwa siku 3. Anaweza pia kusoma kuwa vidonge vitatu kwa mpigo mmoja. Karatasi haimkatalii.

Makala hii inahusu msomaji mwingine, ambaye siku zote hupewa bahasha bila sauti. Msomaji huyo ni wakala wa akili mnemba: programu inayojibu simu na ujumbe wa wagonjwa, inayopanga miadi, inayomtafutia tabibu rekodi au kumkokotolea dozi. Mawakala wa namna hii wameanza kubisha hodi katika huduma za afya, na wahudumu wengi wataombwa kushiriki katika kuwaandaa bila kuambiwa kwamba sehemu iliyo ngumu zaidi ya kazi hiyo ni uandishi.

Tueleze kwanza jinsi kitu hiki kinavyofanya kazi. Modeli ya lugha, peke yake, hujua kupanga maneno. Haiwezi kufungua daftari la miadi wala kuona majibu ya maabara. Ili iweze, hupewa zana. Zana hapa si mkasi wala koleo, bali ni kipande cha programu kinachofanya jambo moja: kutafuta faili, kuweka miadi, kukokotoa dozi, kutuma ujumbe. Kila zana huandikiwa jina, maelezo mafupi ya kazi yake, na orodha ya taarifa inazohitaji, ambazo wataalamu wa programu huziita vigezo. Modeli haioni kilichomo ndani ya zana. Huona maandishi hayo tu, na kwa kuyasoma huamua kama itaitumia zana hiyo, lini, na kwa taarifa zipi. Tangu mwaka 2023 makampuni makubwa yanayounda modeli hizi yamekuwa yakitoa njia rasmi za kuziunganisha na zana, na kwa hiyo kuongeza zana mpya kumekuwa kazi ya mchana mmoja. Kuieleza vema huchukua muda mrefu zaidi, na muda huo mara nyingi hautengwi.

Miezi kadhaa iliyopita nilikaa na kijana mtaalamu wa programu aliyekuwa akiandaa wakala wa kupokea maombi ya miadi kwa kliniki ambayo sitaitaja. Zana yake ya kwanza ilikuwa na jina weka_miadi, na maelezo ya maneno manne: "Huweka miadi ya mgonjwa." Vigezo vilikuwa vitatu: mgonjwa, tarehe, saa. Tukajaribu kwa sentensi ambayo karani yeyote wa masjala huisikia kila siku: "Naomba nije Alhamisi saa nane."

Wakala akashukuru, akaandika 08:00, akathibitisha.

Msomaji wa Kiswahili ameshaona tatizo. Saa nane mchana ni 14:00. Sisi huhesabu saa kuanzia mapambazuko na machweo, na mashine huhesabu kuanzia usiku wa manane. Baina ya hesabu hizo mbili pana tofauti ya saa 6 kamili. Modeli nyingi zimesoma habari hii mahali fulani, na ukiziuliza moja kwa moja zitakueleza vizuri. Lakini hakuna aliyeiuliza. Kigezo kiliitwa "saa", mgonjwa akasema nane, nane ikaandikwa.

Kilichonishtua zaidi si kosa lenyewe bali ukimya wake. Mgonjwa akiomba saa mbili asubuhi na wakala akaandika 02:00, mfumo utakataa, kwa kuwa kliniki imefungwa usiku huo, na kosa litagunduliwa siku hiyo hiyo. Lakini saa nane ikigeuzwa 08:00, saa tisa ikawa 09:00, saa kumi ikawa 10:00, yote yanaangukia ndani ya muda wa kazi. Hakuna kengele inayolia. Mama atafika mchana na kuambiwa kwamba zamu yake ilikwisha kupita asubuhi, na pengine yeye mwenyewe atajilaumu.

Kwa miadi ya kawaida hasara ni nauli na siku ya kazi iliyopotea. Tuhamishe kosa hilo hilo hadi kwenye chumba cha upasuaji. Mgonjwa anayetarajiwa kupewa dawa ya usingizi asubuhi huambiwa asile kitu kuanzia saa sita usiku, kwa sababu chakula kilichomo tumboni kinaweza kurudi na kuingia mapafuni akiwa hana fahamu. Zana inayotuma ukumbusho ikipewa "saa sita" na kuiandika 06:00, mgonjwa ataambiwa kwamba anaruhusiwa kula hadi alfajiri. Atakula. Ni mtiifu kwa maelekezo aliyopewa.

Tulichofanya siku ile hakikugusa hata mstari mmoja wa programu yenyewe. Tuliandika upya maelezo. Kigezo "saa" kikawa "muda_wa_kuanza", na chini yake tukaweka maneno haya: "Muda wa miadi kwa mfumo wa saa 24, kwa mfano 14:00. Wagonjwa husema saa kwa hesabu ya Kiswahili: saa mbili asubuhi ni 08:00, saa nane mchana ni 14:00, saa sita usiku ni 00:00. Kama mgonjwa hakutaja asubuhi, mchana, jioni au usiku, usikisie, muulize. Kabla ya kuthibitisha, mrudishie muda kwa maneno yake mwenyewe." Sentensi nne. Tulipojaribu tena ombi la Alhamisi saa nane, wakala aliuliza: "Ni saa nane mchana, sivyo?"

Huenda mtu akasema kwamba hili ni jambo la wataalamu wa kompyuta na si la wauguzi. Nadhani ni kinyume chake. Kijana yule ni hodari, na Kiswahili ni lugha yake ya kwanza. Aliandika "saa" kwa sababu mbele ya kompyuta alifikiri kama kompyuta. Aliyejua kwamba wagonjwa husema saa nane pasipo kuongeza "mchana" alikuwa karani wa masjala, na karani hakuwa ameitwa.

Fani ya tiba ina historia ndefu ya kujifunza, kwa gharama ya maisha, kwamba maandishi mafupi yanayoeleweka na mwandishi wake hayaeleweki lazima na msomaji wake. Nchini Marekani, tangu mwaka 2004, shirika la ithibati za hospitali liitwalo Joint Commission lina orodha ya vifupisho visivyotakiwa kuandikwa. Herufi U kwa maana ya yuniti imo, kwa kuwa hudhaniwa kuwa sifuri, na yuniti 4 za insulini zikawa 40. Imo pia sifuri inayowekwa baada ya nukta: 1.0 mg, nukta isipoonekana, ni 10. Aliyeandika U alijua alichokusudia. Orodha ilitungwa kwa ajili ya anayesoma usiku wa manane, peke yake, bila wa kumuuliza. Wakala wa akili mnemba yuko katika hali hiyo saa zote.

Upo mfano mzito kuliko huo. Mwezi Machi 1986, katika kituo cha tiba ya saratani mjini Tyler, Texas, mwendeshaji wa mashine ya mionzi ya Therac-25, iliyotengenezwa na kampuni ya AECL ya Kanada, aliona kwenye skrini maneno Malfunction 54, yaani hitilafu namba 54. Mwongozo aliokuwa nao haukumweleza kwa namna ya kumsaidia hitilafu hiyo ilikuwa na maana gani. Skrini ilionyesha kwamba mgonjwa alikuwa amepata mionzi pungufu. Kwa kuwa mashine ile ilikuwa na mazoea ya kusimama mara kwa mara kwa sababu ndogondogo, alibonyeza kitufe cha kuendelea. Kumbe mgonjwa alikuwa amepigwa na mionzi mikali mno, akapigwa tena, na baada ya miezi kadhaa akafariki. Mwezi uliofuata, jambo lile lile lilitokea katika kituo kile kile. Ajali sita za mashine hiyo zinajulikana, kati ya mwaka 1985 na 1987, huko Marekani na Kanada. Chanzo kilikuwa kasoro ndani ya programu, na ubovu wa ujumbe haukuizaa kasoro hiyo. Lakini kati ya kasoro na mgonjwa alikuwapo binadamu mwenye akili timamu ambaye angeweza kusimama, na kilichomfikia kilikuwa namba.

Kwa hiyo maelezo ya zana hayaishii kwenye yale yanayoingia. Yanayotoka nayo yanahitaji kuandikwa kwa uangalifu. Hebu tuchukue zana ya kukokotoa dozi ya dawa mseto ya malaria, artemether na lumefantrine, yenye vidonge vya miligramu 20 na 120. Dozi hufuata uzito: kuanzia kilo 5 hadi chini ya 15 kidonge 1, kuanzia 15 hadi chini ya 25 vidonge 2, kuanzia 25 hadi chini ya 35 vidonge 3, na kuanzia kilo 35 vidonge 4. Dozi ya pili hufuata saa 8 baada ya ya kwanza, kisha mara mbili kwa siku, jumla ya dozi 6 ndani ya siku 3. Zana ikipewa kilo 38 na kujibu "4", imejibu sawasawa, lakini wakala atalazimika kujaza mwenyewe: 4 kwa dozi, au kwa siku, au kwa tiba yote? Jibu linalofaa ni sentensi kamili: vidonge 4 kwa kila dozi, dozi 6, siku 3, jumla vidonge 24. Mashine haichoki kuandika, na hatuna sababu ya kuibania maneno.

Katika zana hiyo hiyo, kigezo cha uzito kina mtego wake. Mama anasema kwa simu kwamba mtoto ana miaka mitatu na hajui kilo zake. Modeli, iliyofundishwa kutoa msaada, inaweza kukisia uzito kutokana na umri, kisha ikaujaza katika zana kana kwamba umetoka kwenye mizani. Tabibu atakayesoma ripoti ataona kilo 14 na hatajua kwamba hakuna mtu aliyempima mtoto. Ndiyo maana maelezo hayana budi kusema waziwazi: uzito uliopimwa kwa mizani, kwa kilo, pamoja na tarehe ya kupimwa, usiukisie kutokana na umri wala mwonekano, kama haujapimwa, usitumie zana hii, mwelekeze mgonjwa kituoni. Na yaseme pia mipaka ya zana: ni ya malaria isiyo kali iliyothibitishwa kwa kipimo, mtoto anayedegedeka, anayetapika kila kitu, asiyeweza kunywa au aliyepoteza fahamu si wa zana hii, ni wa kukimbizwa hospitali sasa hivi. Binafsi ninaiona sentensi inayosema zana isitumike wakati gani kuwa na thamani kuliko ile inayosema hutumika wakati gani. Mwandishi wa zana, kwa fahari ya alichokitengeneza, huandika ya pili na kuisahau ya kwanza.

Neno "kijiko" nalo ni tatizo. Kijiko cha chai ni mililita 5, cha chakula ni mililita 15, na cha jikoni kwetu ni hicho kilichopo. Dawa za maji nazo hutofautiana nguvu: paracetamol ya watoto huweza kuwa ya miligramu 120 katika mililita 5, au ya 250. Zana yenye kigezo "kiasi" pasipo kipimo ni bahasha ya 1x3 kwa mara nyingine.

Kwa maoni yangu, hatari inayosahaulika zaidi ni ile ya jibu tupu. Wakala anaulizwa na tabibu: je, mgonjwa huyu ana mzio wa penisilini? Anaitumia zana ya kutafuta mizio, zana haipati kitu, inarudisha orodha tupu. Wakala, kwa ufasaha wake wote, anaandika: "Mgonjwa hana mzio wowote." Kumbe hakuna aliyewahi kumuuliza mgonjwa. Muuguzi mzoefu hutofautisha "hana" na "haijaandikwa" kwa kuangalia ukurasa: ukurasa mweupe humtia shaka. Zana haina ukurasa. Lazima maelezo yake yatenganishe mambo matatu: aliulizwa akasema hana, hakuulizwa, mfumo umeshindwa kufungua rekodi. Hilo la tatu lisije kamwe likafanana na la kwanza. Nimeona mifumo ambamo intaneti ikikatika, zana hurudisha orodha tupu vilevile, na hapo hata maelezo bora hayaokoi kitu mpaka zana yenyewe itengenezwe upya.

Majina ya zana nayo yana somo lake katika famasia. Hydralazine ni dawa ya shinikizo la damu, hydroxyzine ni ya mzio na mwasho. Zikiandikwa haraka zinafanana kama pacha, na ndiyo sababu katika nchi kadhaa sehemu zinazotofautiana huandikwa kwa herufi kubwa: hydrALAZINE, hydrOXYzine. Wakala aliyepewa zana mbili, moja ikiitwa sasisha_miadi na nyingine badilisha_miadi, yuko mbele ya rafu hiyo hiyo. Tulizikuta zote mbili katika mfumo wa kijana yule. Moja ilibadili tarehe. Nyingine ilifuta miadi ya zamani na kufungua mpya, na kwa kufuta ikampeleka mgonjwa mwisho wa foleni. Tukaiita ya kwanza sogeza_tarehe_ya_miadi. Ya pili tukaiita futa_miadi_na_kuanza_upya, na katika maelezo yake tukaandika kwamba kitendo hiki hakirudishwi nyuma na kwamba lazima mhudumu akubali kwanza. Jina refu halina uzuri, lakini hakuna atakayelichukua kwa bahati mbaya.

Pamoja na hayo, urefu una kiasi chake. Modeli husoma maelezo ya zana zote kabla ya kujibu, na ukizipa zana hamsini zenye kurasa mbili mbili, la muhimu litazama katika yasiyo muhimu, kama vile ukuta wa zahanati uliojaa matangazo unavyoficha tangazo jipya. Zana chache, zilizotengana kazi, ndizo zinazoelezeka.

Kipimo ninachokipendekeza kwa wenzangu hakihitaji kompyuta. Chapa maelezo ya zana kwenye karatasi. Mpe mhudumu aliyeanza kazi wiki hii, pamoja na ujumbe kumi wa wagonjwa uliofutwa majina na namba za simu. Mwambie ajaze vigezo kwa mkono, na asimwulize mtu. Kila anapoinua kichwa kutaka kuuliza, hapo ndipo maelezo yalipopungua. Mahali asipouliza na akakosea, hapo ni pabaya zaidi.

Nanyi mnaohudumiwa mna sehemu yenu, ingawa mzigo si wenu. Ukipangiwa miadi kwa ujumbe, taja asubuhi, mchana, jioni au usiku, na dai urudishiwe muda huo kwa maneno. Ukiambiwa dozi, uliza ni kwa kila mara au kwa siku nzima. Usikubali dozi ya mtoto ambaye hajapimwa uzito. Una haki ya kuuliza kama unayezungumza naye ni mtu au mashine, na kuomba mtu. Mhudumu mwema hatakasirika ukimuuliza hayo, na mashine haina hasira.

Niliporudi kwa kijana yule baada ya wiki mbili, alikuwa amemwita karani wa masjala, mama mwenye miaka mingi katika dirisha lile, akampa kiti mbele ya kompyuta. Mama alikuwa akiandika, moja baada ya nyingine, sentensi alizowahi kuambiwa na wagonjwa. "Saa nane kasorobo." Wakala akaweka 13:45. "Usiku wa kuamkia Ijumaa." Wakala akaelewa kuwa ni Alhamisi usiku, akaeleza kwamba kliniki hufungwa wakati huo. Kisha mama akaandika, "Nitakuja jua likipoa," akakunja mikono kifuani, akangoja. Wakala akauliza kama ni saa tisa au saa kumi alasiri. Mama akamgeukia kijana. "Saa kumi na moja," akasema. "Na andika kwamba tunafunga saa kumi, ili asije akawaahidi."